Mfalme Aliyekubali Kujibiwa



Kila mwaka, tarehe 25 Agosti, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Ludoviko, yaani Louis wa IX, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa tangu mwaka 1226 hadi kifo chake mwaka 1270. Ndugu zetu wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko wanamheshimu kama msimamizi wao. Walio wengi kati yetu, hata hivyo, tunamfahamu kwa sanamu na picha tu: taji kichwani, fimbo ya kifalme mkononi, macho yameelekezwa mbinguni. Juma hili tungependa kumtazama kwa macho ya mtu aliyekula naye mezani, aliyepigana vita pamoja naye, aliyebishana naye mara nyingi, na ambaye mwishoni alikataa katakata kufuatana naye. Mtu huyo ni Jean de Joinville.

Tuanze na swali. Tabia ya mtawala huonekana wapi hasa? Wapo watakaojibu upesi kwamba huonekana katika majengo aliyoyaacha, sheria alizozitunga na vita alivyovishinda. Waamini wengine watasema huonekana katika sala zake, mafungo yake na sadaka zake. Majibu hayo yana ukweli. Sisi, hata hivyo, tunathubutu kusema kwamba kipo kipimo kingine ambacho hudanganya mara chache zaidi: yale ambayo watu wa karibu wa mtawala wanaweza kumwambia usoni bila kutetemeka, na yale wanayoweza kuyaandika juu yake bila kupamba. Kitabu cha Joinville kinatupatia mambo hayo yote mawili, na ndiyo sababu tunakiona kuwa na faida kwa Mkristo wa leo.

Joinville alizaliwa mnamo mwaka 1225 katika ukoo wa kikabaila wa Champagne, mashariki mwa Ufaransa. Kwa urithi alikuwa msimamizi mkuu wa nyumba na shughuli za mtawala wa jimbo hilo. Mwaka 1248, akiwa kijana mwenye umri wa miaka kama 23 hivi, aliingia katika safari ya Vita vya Msalaba pamoja na mfalme. Mwenyewe anasimulia kwamba siku ya kuondoka hakugeuka kuitazama ngome yake, kwa maana aliogopa moyo usije ukalegea kwa ajili ya nyumba hiyo nzuri na watoto wawili aliowaacha ndani yake. Kwa miaka sita alikuwa katika safari hiyo: Misri, kifungoni, na katika Nchi Takatifu, hata waliporudi mwaka 1254. Mwaka 1282 aliitwa kutoa ushahidi mbele ya tume ya Kanisa iliyochunguza maisha ya mfalme, na mwaka 1297 Papa Bonifasi VIII akamtangaza Louis kuwa mtakatifu. Baadaye Malkia Jeanne wa Navarre alimwomba mzee huyu aandike yale aliyoyaona na kuyasikia. Malkia alifariki mwaka 1305 kabla kazi haijakamilika. Joinville aliimaliza mwaka 1309, akiwa amepita miaka 80.

Zipo habari nyingine za mfalme huyu, zilizoandikwa na mapadre waungamishi na watawa waliomfahamu. Hao wanatuonyesha jinsi alivyofunga, alivyokesha, alivyohudumia maskini na wagonjwa. Hatuzidharau kazi zao. Lakini sifa za namna hiyo waliandikiwa wafalme watakatifu wengi, kiasi kwamba ukibadilisha jina unaweza kudhani ni mtu yule yule. Mwanahistoria Mfaransa Jacques Le Goff, katika kitabu chake kikubwa juu ya mfalme huyu kilichotoka mwaka 1996, alifikia hatua ya kuuliza iwapo Louis huyo kweli alikuwapo, au kama tunaona tu mfano wa mfalme mwema uliochongwa na waandishi. Ushahidi wa Joinville ulikuwa sehemu kubwa ya jibu lake: nyuma ya mfano ule alikuwapo mtu. Ni nini basi alichokiona Joinville ambacho wengine hawakukiandika?

Alikiona, kwanza, kicheko na hasira. Siku moja mfalme alimwuliza mbele ya watawa wawili ni lipi angelichagua: kuwa mkoma, au kutenda dhambi moja ya mauti. Joinville, ambaye anasema hakuwahi kumwambia mfalme uongo, alijibu kwamba angependa kutenda dhambi za mauti 30 kuliko kuwa mkoma. Hebu tujiulize: ni wangapi kati yetu tungelitoa jibu hilo mbele ya mfalme mcha Mungu, na watawa wakisikiliza? Tungelijua jibu linalotakiwa, nasi tungelitoa hilo hilo. Mfalme hakumwaibisha. Alingoja watawa waondoke, kisha kesho yake akamwita peke yake, akamketisha miguuni pake, akamwonya kwamba amejibu kwa haraka na kwa upumbavu, kwa sababu ukoma wa mwili huisha mtu anapokufa, lakini roho iliyo katika dhambi ya mauti haina uhakika huo. Akamwuliza tena kama huwa anawaosha maskini miguu siku ya Alhamisi Kuu. Joinville akajibu kwamba hataiosha kamwe miguu ya watu duni wale. Mfalme akamwambia kwamba hapo pia amesema vibaya, kwa maana haifai kudharau jambo alilolifanya Bwana mwenyewe ili kutufundisha.

Tuangalie vizuri, wapendwa. Katika simulizi hili Joinville ndiye anayeonekana mbaya, tena ni yeye mwenyewe anayelisimulia, akiwa mzee wa heshima, kwa wasomaji wa ikulu. Mwandishi anayekubali kuonekana mjinga katika kitabu chake mwenyewe anastahili kusikilizwa anapomsifu mwingine. Naye mfalme anaonekana alivyo: mkali juu ya dhambi, mpole juu ya mkosaji.

Tukio la pili lilitokea Corbeil, siku ya Pentekoste. Padre Robert de Sorbon, mtoto wa wakulima, ambaye jina lake limebaki hadi leo katika chuo cha Sorbonne mjini Paris, alimshambulia Joinville mbele ya watu kwamba anavaa vizuri kuliko mfalme. Joinville akajibu kwamba nguo zake ni za hadhi aliyoachiwa na baba yake na mama yake, bali Padre Robert ndiye aliyeyaacha mavazi ya wazazi wake na kuvaa kitambaa cha thamani kuliko cha mfalme. Kisha akashika pindo la vazi la padre na pindo la vazi la mfalme, akawataka watu walinganishe. Mfalme akamtetea Padre Robert kwa nguvu zake zote. Baadaye aliwaita mwanawe Philippe na mkwewe Thibaut, mfalme wa Navarre, akawaketisha karibu naye mlangoni pa kikanisa chake pamoja na Joinville, akasema kwamba amewaita ili akiri kwamba hakuwa na haki kumtetea padre yule. Alimtetea, alisema, kwa sababu alimwona amefadhaika mno na anahitaji msaada. Mfalme wa nchi kubwa anakiri kosa dogo la mabishano ya nguo mbele ya mtoto wake na mkwe wake! Wazazi na viongozi wanaosoma maneno haya wanajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu.

Tukio la tatu ni zito zaidi. Mwaka 1250 jeshi la Wakristo lilishindwa huko Misri. Mfalme alikuwa anaumwa kuhara vibaya mno, akakamatwa mateka pamoja na watu wake. Baada ya kukombolewa kwa fedha nyingi alifika Acre, akaitisha baraza: je, arudi Ufaransa au abaki? Karibu wakubwa wote walimshauri arudi. Joinville, kijana, alikuwa miongoni mwa wachache mno waliopinga. Hoja yake ilikuwa moja: wapo wafungwa wengi, watu wadogo wasio na jina, waliobaki mikononi mwa adui, na mfalme akiondoka hawatatoka kamwe. Wakubwa wakamchukia kwa maneno hayo. Mezani siku ile mfalme alimketisha karibu naye kama desturi, lakini hakumsemesha hata neno. Joinville akadhani amekasirikiwa. Baada ya chakula alikwenda kusimama dirishani, mikono ikiwa imepita katika nondo, akiwaza jinsi atakavyoishi. Ghafla mtu akaja nyuma yake, akamwegemea mabegani na kuweka mikono miwili juu ya kichwa chake. Alidhani ni mmoja wa wale waliokuwa wakimsumbua tangu asubuhi, akamwambia amwache kwa amani. Alipogeuza kichwa, mkono ukamteremkia usoni, akaitambua pete ya zumaridi: alikuwa mfalme. Louis akamwuliza amepata wapi ujasiri, kijana kama yeye, kumshauri kinyume cha wakubwa wote wa Ufaransa. Kisha akamwuliza kama yeye mwenyewe atabaki iwapo mfalme atabaki. Joinville akajibu ndiyo. Mfalme akamwambia awe na furaha, kwa sababu ameupokea ushauri wake kwa shukrani, ila asimwambie mtu juma hilo. Mfalme alibaki katika Nchi Takatifu karibu miaka minne.

Baadaye, huko Kaisaria, mfalme alimwuliza Joinville anataka malipo gani ili aendelee kumtumikia. Joinville akasema hataki fedha zaidi, bali anataka mapatano: kwa kuwa mfalme hukasirika anapoombwa jambo, basi aahidi kwamba mwaka ule wote hatakasirika Joinville akimwomba kitu, naye Joinville hatakasirika akinyimwa. Mfalme alicheka kwa sauti, akamshika mkono, akampeleka kwa mjumbe wa Papa na wakubwa wengine ili nao wasikie mapatano hayo. Kumbe mtakatifu huyu alikuwa mwepesi wa hasira, na watu wake walijua. Waungamishi wanatuambia kwamba alikuwa mpole. Joinville anatuonyesha upole huo ulipatikana kwa kuruhusu rafiki amwekee lijamu mdomoni.

Tukio la nne linatugusa sana sisi watu wa nyakati hizi. Mwaka 1254, mara tu waliposhuka Hyères, kusini mwa Ufaransa, abati wa Cluny alimletea mfalme zawadi ya farasi wawili, mmoja wake na mmoja wa malkia. Kesho yake abati akarudi kuzungumza mambo yake, na mfalme akamsikiliza kwa makini na kwa muda mrefu. Abati alipoondoka, Joinville akaomba ruhusa ya kuuliza: je, umemsikiliza vizuri zaidi kwa sababu ya wale farasi wawili? Mfalme akafikiri kidogo, akajibu kwamba kweli ndivyo. Joinville akasema: basi, ukifika nyumbani, wakataze washauri wako wote walioapa wasipokee kitu kutoka kwa wale wenye mashauri mbele yako, kwa sababu wakipokea watawasikiliza hao zaidi, kama wewe ulivyomsikiliza abati. Mfalme akaita baraza lake papo hapo akawaeleza. Mwezi Desemba mwaka ule ule alitoa amri kubwa ya kurekebisha utawala, iliyowakataza maofisa wake wa majimboni kupokea zawadi, isipokuwa vitu vidogo kama matunda, mkate au divai.

Tungeweza kuandika kurasa nyingi juu ya rushwa na tusifikie kina cha mazungumzo hayo mafupi. Mfalme hakusema kwamba moyo wake hauyumbishwi na zawadi. Hakumwuliza Joinville anamdhania nani. Alijichunguza, akaona kwamba farasi wawili wametosha kuuyumbisha, na akatambua kwamba kama wameuyumbisha wake, mioyo ya walio chini yake haitapona.

Mambo hayo ndiyo yanayotufanya tuuamini pia ule mwaloni wa Vincennes, ambao umechorwa katika vitabu vingi. Joinville anasema kwamba wakati wa kiangazi, baada ya Misa, mara nyingi mfalme alikwenda kuketi chini ya mti katika msitu wa Vincennes, na kila mwenye shauri alimwendea bila kuzuiwa na mlinzi. Sisi ambao wazee wetu wamesuluhisha mambo chini ya mwembe au mbuyu hatuhitaji kuelezwa maana yake. Lakini mti peke yake hauthibitishi kitu. Mtawala yeyote anaweza kuketi chini ya mti siku ya kupigwa picha. Tunauamini mti huo kwa sababu tumekwisha kuona jinsi mfalme huyo alivyowasikiliza watu ndani ya nyumba yake.

Sasa tufike kwenye mambo yasiyopendeza, maana Joinville hakuyaficha. Anaeleza kwamba katika miaka mitano aliyokaa karibu na mfalme, hakuwahi kumsikia akizungumzia habari za malkia na watoto wake. Marguerite alikuwa amemzaa mtoto huko Damietta siku chache tu baada ya mumewe kutekwa, mji ukiwa hatarini. Baadaye, alipowasili Sidoni pamoja na watoto, Joinville ndiye aliyekwenda kumpokea. Mfalme alibaki kanisani, ingawa alikuwa amefikiria hata kuagiza mahubiri yamngojee Joinville. Mwandishi anasema waziwazi kwamba, kwa maoni yake, haikuwa desturi njema mtu kuwa mgeni namna hiyo kwa mke wake na watoto wake. Maneno hayo yaliandikwa miaka 12 baada ya Louis kutangazwa mtakatifu! Joinville hakuona kwamba utakatifu uliotangazwa na Kanisa unamfunga mdomo juu ya mume aliyeisahau nyumba yake.

Halafu kuna safari ya mwisho. Mwaka 1267 mfalme alitangaza kwenda tena vitani. Joinville aliombwa sana aende, akakataa. Alisema kwamba alipokuwa ng'ambo mara ya kwanza, maofisa wa mfalme wa Ufaransa na wa mfalme wa Navarre waliwaharibu na kuwafukarisha watu wake. Akitaka kumpendeza Mungu, inampasa abaki awalinde. Tena anaandika kwamba waliomshauri mfalme kwenda walitenda dhambi ya mauti, kwa kuwa alikuwa dhaifu mno: Joinville mwenyewe alimbeba mikononi kutoka nyumba aliyokuwamo hadi kwa Wafransisko, walikoagana. Mfalme alikufa kwa ugonjwa tarehe 25 Agosti 1270, karibu na Tunis, mahali palipokuwa mji wa kale wa Carthage. Juu ya safari ile Joinville anasema kwamba hataisimulia, kwa sababu hakuwapo, na hataki kuweka kitabuni jambo asilo na hakika nalo. Laiti waandishi wote wangeapa kiapo hicho!

Yapo pia mambo ambayo Joinville hakuyaona kuwa mabaya, nasi leo tunayaona. Katika utawala wa Louis, mwaka 1242, vitabu vya Talmudi vya Wayahudi vilichomwa moto hadharani mjini Paris, na mwaka 1269 Wayahudi walilazimishwa kuvaa alama juu ya nguo zao. Waliokufuru waliadhibiwa kwa ukatili, na Joinville anasimulia adhabu hizo bila kulalamika. Shahidi mwaminifu naye ni mtoto wa zama zake. Kanisa lenyewe, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, limetufundisha kuwatazama Wayahudi kwa namna nyingine kabisa. Kumheshimu mtakatifu si kuyahesabu makosa ya zama zake kuwa fadhila. Tunayataja kwa sababu tukiyaficha tutakuwa tumefanya lile ambalo Joinville alikataa kulifanya.

Mahali pale alipofia mfalme pana uhusiano na imani yetu. Mwaka 1875 Wamisionari wa Afrika, ambao wengi tunawaita Mapadre Weupe, walipewa na mwanzilishi wao, Lavigerie, kazi ya kulinda kikanisa cha Mtakatifu Louis huko Carthage. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1878, msafara wao wa kwanza ulipitia pwani yetu kuelekea maziwa makuu. Waliotuletea Injili katika bara walikuwa ndugu za walinzi wa kaburi la kumbukumbu ya mfalme huyu. Inatufaa basi tuulize: urithi wake kwetu ni upi?

Sisi tunasema hivi. Urithi wake mkubwa ni kwamba alimweka karibu mtu anayeweza kumwambia hapana. Nabii Nathani alimwendea Daudi na kumwonyesha dhambi yake, na Daudi hakumwua, alitubu. Tunapenda kumsifu Nathani, lakini tumsifu na Daudi pia, kwa kuwa manabii wengi waliwaendea wafalme na hawakurudi.

Tuangalie hali yetu. Tumezoea risala zinazosomwa mbele ya mgeni rasmi, ambazo zinaanza kwa sifa na kumalizika kwa sifa, na ombi dogo likiwa limefichwa katikati kama mwizi. Tumezoea wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini, ambamo kila mtu alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu, hata wajane na yatima wake wanapoinama chini wasitazamane. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunawasifu viongozi wetu hata wanalitia maji, kisha tunalalamika vichochoroni kwamba tembo halina ladha. Je, lawama ni ya mgema peke yake?

Wapo watakaosema: Padre, mila zetu zinatufundisha heshima, mkubwa hajibiwi. Tunaithamini heshima hiyo, wala hatumwiti mtu yeyote kuwa mkorofi. Lakini tumwangalie Joinville. Alizungumza baraza lilipomwuliza maoni. Aliomba ruhusa kabla ya kuuliza habari za farasi. Alimwita mfalme Bwana hata siku alipokataa kumfuata, na ni mikono yake iliyombeba mfalme alipokuwa hawezi kutembea. Kumbeba mkubwa aliyedhoofika na kumwambia kwamba safari yake ni kosa, mambo hayo mawili yaliwezekana kwa mtu mmoja. Wahenga hao hao walisema pia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

Basi kila mwenye mamlaka na ajiulize, awe mkubwa wa serikali, mwenyekiti wa halmashauri ya walei, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, paroko, baba au mama wa familia: Joinville wangu ni nani? Ni nani anayeweza kuniuliza habari za farasi wawili? Nikimkosa hata mmoja, sababu si lazima iwe kwamba sina kosa. Pengine aliyekuwapo alijaribu mara moja, akaona uso wangu, akanyamaza. Watoto ambao hawawezi kumwambia baba kwamba amewaonea, washauri wa parokia wanaotazama sakafu hesabu zinaposomwa, makarani wanaocheka kila mkubwa anapocheka: hao wote wameandika habari zetu tayari, ingawa hawajashika kalamu.

Na kila aliye karibu na mkubwa naye ajiulize: je, nampenda kiasi cha kumwambia? Kumnyamazia mtu anayekwenda penye shimo ni kumwacha peke yake, hata kama tunaandamana naye kwa ngoma na vigelegele.

Joinville anamalizia kwa ndoto. Baada ya mfalme kufa, alimwona usingizini, mbele ya kikanisa chake huko Joinville, akiwa mwenye furaha ya ajabu. Akamwambia kwamba wakitoka hapo atampeleka kwenye nyumba yake nyingine iliyoko kijiji cha Chevillon. Mfalme akacheka, akamjibu kwamba hana haraka ya kuondoka hapo. Joinville alipoamka alijenga altare ya heshima ya Mungu na ya mfalme katika kikanisa hicho, akaiwekea fungu la kudumu ili Misa iwe ikiadhimishwa hapo. Rafiki aliyekataa safari ya mwisho ndiye aliyetembelewa na mfalme anayecheka.

Mtakatifu Louis atuombee tupate viongozi wanaosikiliza, na atuombee sisi tunaoongozwa tupate ulimi wa kweli wenye adabu. Tunawatakieni juma jema lenye baraka za Mungu.